KUHAMISHA KUMBUKUMBU ZA SHULE KUTOKA FAILI LA ZAMANI HADI KANZIDATA YA KISASA

Madhumuni ya makala haya ni kumweleza mwalimu mwanachuo kazi ambayo huenda akaikuta mezani mapema baada ya kupangiwa shule, yaani kuhamisha kumbukumbu za wanafunzi kutoka katika mafaili ya zamani ya kompyuta na kuziingiza katika mfumo wa kisasa. Aghalabu kazi hii hudhaniwa kuwa ya mafundi peke yao. Hutafutwa kijana ajuaye kompyuta, hukabidhiwa faili, na baada ya siku mbili hutangazwa kwamba kazi imekwisha. Makosa hujitokeza baadaye sana. Mtoto aliyesoma miaka saba haonekani katika orodha ya watahiniwa. Au anaonekana kwa jina ambalo mzazi wake halitambui, na jina hilo ndilo litakalomfuata hadi kwenye vyeti vyake. Fundi hawezi kuyazuia makosa ya namna hii peke yake, maana anaijua mashine lakini hamjui mtoto. Anayemjua mtoto ni mwalimu.

Kwa nini mwalimu ahusike

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika shule mali yenyewe ni watoto, na daftari ndilo linaloonyesha nani ameandikishwa, nani amehama, na nani alifanya mtihani upi. Zamani daftari hilo lilikaa kabatini mwa mwalimu mkuu. Leo Baraza la Mitihani la Tanzania lina mfumo uitwao PREM, ambamo mwanafunzi husajiliwa na kupewa namba yake, na anapohama shule uhamisho wake hupitia humo. Tena, baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa walimu. Kwa hiyo chombo cha kuandikia kumbukumbu kimekwisha fika mikononi mwa mwalimu; kinachotakiwa sasa ni ujuzi wa kukitumia kwa uangalifu.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi katika sehemu za mji zinazokua upesi, kama Kwa Mrombo hapa Arusha. Neno Mrombo lenyewe humtaja mtu wa Rombo, huko mashariki ya Kilimanjaro. Darasani humo mwalimu aweza kuwakuta watoto waliotoka katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru wamekaa dawati moja na wenzao waliotoka Moshi, Babati, Kondoa au Singida. Kila mmoja ameletwa na karatasi yake ya uhamisho, na kila karatasi imeandikwa kwa desturi ya mahali ilikotoka. Mtoto ambaye hajahama hata mara moja hutambuliwa na kijiji kizima hata kama daftari limekosea. Mtoto aliyehama mara tatu hana shahidi mwingine ila kumbukumbu zake.

Faili la zamani lilivyokuwa

Yafaa kwanza tuelewe maneno. Kanzidata ni mkusanyo wa taarifa zilizopangwa kwa utaratibu ili ziweze kutafutwa, kulinganishwa na kusahihishwa. Taarifa hupangwa katika jedwali: kila mstari humhusu mtu mmoja au kitu kimoja, na kila safu hubeba taarifa ya aina moja, kama vile jina, tarehe ya kuzaliwa au darasa. Mwalimu anayelijua daftari la mahudhurio anaujua tayari mpango huu.

Katika miaka ya 1980 programu mojawapo iliyoenea sana katika kompyuta ndogo iliitwa dBASE, nayo iliuzwa na kampuni ya Ashton-Tate ya Marekani. Maktaba nyingi za nchi zinazoendelea zilitumia CDS/ISIS, programu iliyoenezwa na UNESCO. Shule zetu nyingi za msingi hazikuwa na kompyuta wakati huo. Mafaili ya aina hizo hupatikana zaidi maofisini, maktabani na katika baadhi ya shule na vyuo. Hata hivyo, shule zilipopata kompyuta na kuanza kuorodhesha wanafunzi katika majedwali ya Excel, tabia za mafaili ya zamani zilirudiwa karibu zote. Ndiyo maana kuzijua tabia hizo kunamfaa hata mwalimu ambaye hatawahi kuiona dBASE kwa macho yake.

Tabia ya kwanza ni ufinyu. Nafasi ya kuhifadhia ilikuwa ndogo na ya ghali, basi kila safu ilipimwa kwa idadi ya herufi. Katika dBASE jina la safu halikuweza kuzidi herufi kumi, na mtengenezaji wa faili alipoamua kwamba jina la mtu litapewa herufi kumi na tano, herufi ya kumi na sita haikuingia. Tabia ya pili ni mafumbo. Kwa kubana nafasi watu waliandika alama badala ya maneno, na maana ya alama hizo mara nyingi ilibaki kichwani mwa karani. Tabia ya tatu ni marudio: taarifa zote zililundikwa katika jedwali moja refu, hata zile za mzazi, ambazo ziliandikwa upya kwa kila mtoto wake.

Kanzidata ya kisasa imejengwa juu ya wazo lililochapishwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM. Yeye alipendekeza taarifa zipangwe katika majedwali yanayohusiana. Wanafunzi wawe na jedwali lao, wazazi lao, matokeo lao. Na majedwali hayo yaunganishwe kwa namba za utambulisho. Faida yake ni kwamba mzazi mwenye watoto watatu huandikwa mara moja tu. Akibadili namba ya simu, hubadilishwa mahali pamoja, na watoto wote watatu huwa wamepata namba mpya.

Funzo kutoka katika historia yetu

Nchi yetu ina funzo lake la zamani katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Katika miaka iliyofuata hesabu za Serikali zilihamishiwa katika mfumo mpya wa mashine. Mfumo huo ukashindwa kufanya kazi iliyotarajiwa, ikabidi kurudia kazi ya mkono. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ililegezwa hatua kwa hatua baadaye. Wapo waliolaumu mashine, na wapo waliolaumu wataalamu. Kwa mwalimu funzo ni jepesi: usiivunje nyumba ya zamani kabla hujalala katika mpya na kuona kwamba haivuji.

Arusha nayo ina mfano wa pili, ulio tofauti. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufanya kazi zake mjini hapa, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Mahakama ikafa, lakini kumbukumbu zake hazikuruhusiwa kufa. Zilikabidhiwa kwa chombo kilichorithi kazi zake, ambacho majengo yake ya Lakilaki, nje kidogo ya mji, yalifunguliwa mwaka 2016. Miongoni mwake zimo kanda za sauti na picha za mashahidi, ambazo ilipasa zihamishwe kutoka katika kanda za zamani ili ziendelee kusikika na kuonekana. Hapa tunajifunza kwamba kumbukumbu huishi muda mrefu kuliko mashine iliyoziandika, na pengine kuliko ofisi yenyewe. Shule zetu pia huunganishwa, hugawanywa na kubadilishwa majina, na mwanafunzi wa zamani huja baada ya miaka ishirini kuuliza habari zake.

Mambo yanayopotea njiani

Sasa tutazame makosa yenyewe, maana ndiyo kiini cha somo hili. Herufi huhama kwa urahisi. Maana ndiyo hupotea njiani.

Majina. Faili la zamani huwa na safu moja iitwayo JINA, na mfumo mpya hutaka safu tatu: jina la kwanza, la kati na la mwisho. Mashine huambiwa ikate penye nafasi. Lakini mtoto mmoja ana majina mawili tu, mwingine ana manne, na katika madaftari ya zamani zaidi hukutwa bin na binti katikati. Mashine itamfanya "Binti" kuwa jina la kati. Kisha kuna tahajia: Mollel na Molel, Laizer na Laiza, Pallangyo na Palangyo, Nnko na Nko. Mashine huyaona haya kuwa majina ya watu tofauti. Mwalimu hujua kwamba huenda ni mtu yuleyule, ila hana ruhusa ya kubahatisha. Lazima aulize.

Alama ya ng'. Kiswahili na lugha zetu nyingi zina sauti hii, na majina mengi ya watu huibeba. Katika lugha ya maagizo inayotumiwa na kanzidata nyingi, alama hiyo ndogo iliyo juu ya mstari ndiyo pia inayoonyesha mwanzo na mwisho wa neno. Programu isiyotengenezwa kwa uangalifu ikikutana na jina lenye ng' hudhani kwamba jina limekwisha, ikakataa mstari mzima. Baadhi ya makarani, baada ya kukataliwa mara mbili, huifuta alama hiyo na kuendelea. Mtoto hupita, lakini jina lake limebaki nyuma.

Jinsi. Faili moja limeandika ME na KE. Jingine M na F, kwa kufuata Kiingereza. La tatu limeandika M na W. Sasa herufi M ina maana gani? Kwa Kiingereza ni mwanamume. Kwa Kiswahili yaweza kuwa mvulana, yaweza kuwa msichana, yaweza kuwa mume au mke. Asiyeuliza aliyeandika atawageuza wasichana wa darasa zima kuwa wavulana, na hesabu ya jumla itatimia bila kasoro.

Tarehe. Sisi huandika siku kwanza, kisha mwezi. Wamarekani huanza na mwezi. Tarehe 04/05/98 ni tarehe 4 Mei au 5 Aprili? Zaidi ya hayo, dBASE kwa desturi yake ilionyesha mwaka kwa tarakimu mbili, na aliyeandika 03 alihesabiwa kuwa amekusudia 1903 asipokuwa ameirekebisha programu mwanzoni. Hivyo mtoto aliyezaliwa 2003 huingia katika mfumo mpya akiwa na umri wa kumzidi babu yake. Kosa kama hilo ni heri, kwa kuwa linajionyesha. Kosa baya ni lile la siku na mwezi kubadilishana, kwa sababu tarehe yenyewe inaaminika, na hakuna atakayeishuku.

Saa. Palipoandikwa kwamba kipindi huanza saa 2:00, mwalimu anajua ni asubuhi, jua limekwisha panda. Mfumo wa kigeni huisoma kuwa saa nane za usiku. Basi lazima iamuliwe mapema ni saa ipi inayohama.

Patupu na sifuri. Mwanafunzi aliyefanya mtihani akakosa maswali yote amepata 0. Mwanafunzi aliyekuwa mgonjwa siku ile hana alama. Nafasi yake ni tupu. Hao ni watoto wawili wenye habari mbili tofauti. Katika dBASE nafasi tupu ya namba ilihesabiwa kama 0, na programu nyingi za kuhamisha huendeleza desturi hiyo. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa hugeuzwa kuwa mjinga, na wastani wa darasa hushuka bila sababu.

Sifuri za mbele. Namba ya uandikishaji 0047 na namba ya simu inayoanza na 07 si namba za kujumlisha. Ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu. Jedwali la Excel likiziona huzifanya namba za hesabu na kuziondolea sifuri ya mbele. Baada ya hapo mzazi hapatikani kwa simu, na 0047 haikutani tena na 0047 ya daftari la karatasi.

Waliofutwa. Katika dBASE, rekodi iliyofutwa haikuondoka papo hapo. Iliwekewa alama ya nyota tu, ikaendelea kukaa ndani ya faili hadi mwenye faili alipotoa agizo la kulifungasha. Programu ya kuhamisha isiyoambiwa habari ya nyota hiyo huwarudisha wote: waliohama, walioacha shule, na hata waliofariki. Hebu fikiri uchungu wa mzazi anayeitwa shuleni kueleza utoro wa mtoto aliyemzika.

Wazazi. Katika safu ya mlezi, kwenye mstari wa mtoto wa kwanza imeandikwa Mama Neema. Kwenye mstari wa mdogo wake, aliyeandikishwa na karani mwingine, imeandikwa Mama Baraka. Kwetu sisi hakuna ajabu. Mwanamke ni yule yule, ameitwa kwa jina la kila mtoto aliyemleta. Kwa mashine hao ni wanawake wawili. Kinyume chake pia hutokea. Kulwa na Doto wana baba mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa na darasa moja; programu iliyoagizwa kuondoa marudio yaweza kumwona mmoja wao kuwa marudio ya mwenzake, ikamfuta.

Mahali. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Mkoa wa Arusha. Mtu aliyezaliwa Babati mwaka 1990 ameandikwa kwa haki kabisa kwamba alizaliwa Mkoa wa Arusha. Mfumo mpya wenye orodha ya mikoa na wilaya zake utakataa kuikuta Babati ndani ya Arusha. Dawa yake ni kuwa na nafasi mbili: mahali kama palivyoandikwa wakati ule, na mahali kama panavyoitwa leo. Historia haisahihishwi kwa kufutwa.

Maktaba nazo zina yao. Katika CDS/ISIS, sehemu ndogo za taarifa, kama mji wa uchapaji na jina la mchapaji, zilitenganishwa kwa alama ^ ikifuatwa na herufi. Maktaba inapohamia katika programu mpya, asiyezijua alama hizo atakuta zimechapwa katikati ya maneno, na msomaji atafutaye kitabu hatakipata.

Hatua za kufuata

Baada ya kuyajua magonjwa, tutaje tiba. Napendekeza hatua saba.

Kwanza, funga na unakili. Tangaza siku ambayo hakuna atakayeandika tena katika faili la zamani. Toa nakala mbili, uziweke mahali tofauti, na nakala moja isiguswe na mtu yeyote hadi mwisho wa kazi. Kumbuka kwamba katika dBASE maelezo marefu yalikaa katika faili la pili lenye jina lile lile. Anayechukua faili moja na kuliacha la pili amechukua mwili akaacha ulimi.

Pili, andika daftari la maana. Chukua karatasi, orodhesha kila safu ya faili la zamani, na mbele yake andika: safu hii ina nini, alama zake zina maana gani, nani amethibitisha. Mtafute karani wa zamani hata kama amestaafu. Saa moja ya mazungumzo naye hushinda wiki ya kubahatisha.

Tatu, linganisha. Onyesha kila safu ya zamani itakwenda wapi katika majedwali mapya. Safu isiyo na pa kwenda isitupwe kimya kimya. Iandikwe na iamuliwe na mwalimu mkuu.

Nne, safisha kwa ushahidi. Palipo na shaka, rejea daftari la uandikishaji, cheti cha kuzaliwa, au mzazi mwenyewe. Kila badiliko liandikwe: lilikuwaje, limekuwaje, kwa ushahidi gani, na nani ameidhinisha. Kusahihisha bila kuandika ni kutengeneza kosa jipya ambalo halitafutiki.

Tano, jaribu kwa wachache. Wengi huchukua mistari ishirini ya mwanzo, ikapita, wakafurahi. Hiyo si njia nzuri ya kujaribu. Chagua walio wagumu: mwenye ng' katika jina, mwenye majina mawili tu, pacha, aliyehama mara mbili, asiye na tarehe ya kuzaliwa, mwenye nafasi tupu katika matokeo. Wakipita hao, wengine watapita.

Sita, hamisha na uhesabu. Tuseme faili la zamani lilikuwa na wanafunzi 812. Mfumo mpya umepokea 797 na kukataa 15. Jumla imetimia, basi hakuna aliyepotea. Wamebaki 15 wa kushughulikiwa mmoja mmoja kwa mkono. Lakini ikiwa umepokea 797 na kukataa 12, kuna watoto watatu ambao hawapo upande wowote, na kazi isimame mpaka wapatikane. Kadhalika hesabu wavulana na wasichana mbalimbali, na ujumlishe alama za somo moja katika faili la zamani na katika mfumo mpya. Jumla hizo lazima zilingane.

Saba, hakiki na wenyewe, kisha tunza. Mwite kila mzazi au mlezi asome taarifa za mtoto wake na kuzikubali. Taarifa hizo zisibandikwe ukutani, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za watu zilindwe, na umri au ugonjwa wa mtoto si tangazo. Mwisho, faili la zamani lisifutwe. Litunzwe pamoja na daftari la maana, ili atakayeuliza miaka ijayo apate jibu.

Namna ya kuifundisha kazi hii

Mwalimu hahitaji kompyuta kufundisha msingi wa jambo hili kwa darasa la sita au la saba, wala kwa walimu wenzake shuleni. Kadi za karatasi na maboksi mawili zatosha kwa kipindi cha dakika arobaini.

Andika ubaoni "faili la zamani" lenye mistari kumi na miwili ya wanafunzi wa kubuni. Weka mitego ndani yake kwa makusudi: tarehe yenye utata, herufi M, Mama Neema na Mama Baraka wenye namba moja ya simu, mstari wenye nyota, na nafasi tupu ya alama. Ligawe darasa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lihamishe mistari hiyo kwenye kadi za wanafunzi. Kundi la pili litengeneze kadi za wazazi na kuziunganisha na za wanafunzi kwa namba. Kundi la tatu lisihamishe chochote. Kazi yake ni kuhesabu na kuuliza maswali.

Mwalimu asiwaonyeshe mitego mapema. Awaache wabishane. Mtoto mmoja atasema M ni mvulana, mwingine atasema ni msichana, na hapo ndipo mwalimu aulize: "Tutajuaje?" Wanafunzi wenyewe watafikia jibu kwamba ni lazima kumwuliza aliyeandika, au kutafuta karatasi nyingine ya kuthibitisha. Wakifika hapo wamejifunza jambo kubwa kuliko kompyuta: kwamba maandishi huhitaji shahidi. Mwishoni mwa kipindi kundi la tatu litoe taarifa: kadi zilikuwa ngapi, zimepita ngapi, zimebaki ngapi, na kwa nini.

Kosa la kuepuka katika somo hili ni kusifu kundi lililomaliza mapema. Kundi linalostahili sifa ni lile lililosimama penye shaka likauliza.

Hitimisho

Mashine itaendelea kubadilika. Mfumo unaoitwa wa kisasa leo utaitwa wa zamani kabla watoto wa darasa la kwanza hawajamaliza chuo, na kazi hii italazimika kufanywa tena. Kwa sababu hiyo mwalimu asiogope wingi wa majina mapya ya programu. Maswali ya kuuliza ni yale yale: kila alama hapa ina maana gani, nani ameithibitisha, na je, waliotoka na walioingia ni sawa kwa idadi? Fundi apewe heshima yake na kazi yake, lakini mwalimu asitie sahihi kwamba kazi imekwisha mpaka awe amewasoma watoto wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na kuwakuta wote wamefika.